Gitaa Kavu na Santuri Zake

Mtu apendaye gitaa, akiulizwa na kijana sahani zipi zinafaa kusikilizwa kwanza, aghalabu hujibu kwa kutaja majina ya wapigaji. Atamtaja Franco, au Nico Kasanda, au Mbaraka Mwinshehe; na akiwa mtu wa makamo atamtaja Fundi Konde. Ni mara chache atakapovitaja vyombo vyenyewe: gitaa lilikuwa la mbao za namna gani, nyuzi zake zilikazwaje, mbele ya mpigaji palikuwa na kipaza sauti kimoja au sita, na sahani ilikuwa na nafasi ya dakika ngapi. Walakini mambo hayo ndiyo yaliyoamua sauti tuipendayo iweje. Historia ya gitaa katika Afrika ya Mashariki na ya Kati haielezeki sawasawa bila ya kuvitazama pamoja vitu viwili, chombo cha kupigia na chombo cha kunasia. Na mahali bora pa kulionyesha jambo hilo ni katika gitaa kavu, yaani lile lisilotumia umeme, ambalo tangu kwisha kwa Vita vya Pili vya Dunia hadi katikati ya miaka ya 1960 lilikuwa na enzi yake.

Enzi hiyo imedharauliwa. Wengi walioandika habari za muziki wa dansi wamelitazama gitaa kavu kama hatua ya utotoni, mtoto aliyekuwa akitambaa kabla ya bendi kusimama na kutembea. Hoja yao ni nyepesi kueleweka: mpiga gitaa alikuwa peke yake kwa sababu hakuwa na fedha za kuwa na wenzake, na alipiga chombo kikavu kwa sababu hakuwa na umeme, alipopata vyote viwili, aliacha. Hoja hii ina ukweli upande wa fedha. Upande wa muziki haina, na mwenye kusikiliza kwa makini sahani zilizonaswa Katanga mwaka 1952 hataweza kuishika kwa muda mrefu.

Kabla ya gitaa kuenea, santuri ilikwisha kutangulia. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kunasa nyimbo za taarabu kwa kampuni ya His Master's Voice, wafanya biashara walipata ushahidi kwamba wasemao Kiswahili watanunua sahani za lugha yao. Miaka mitano baadaye, yaani 1933, kampuni hiyo ilianza kutoa mfululizo wa sahani zenye alama ya GV, nyingi zikiwa za muziki wa Kuba. Sahani hizo ziliingia bandarini, katika miji ya migodi na katika kambi za askari. Vijana wasiojua neno moja la Kihispania walizikariri, na sauti za magitaa ya Trio Matamoros zikawa shule kwa watu ambao hawakupata kumwona mwalimu.

Mashine za kuchezea sahani hizo zilikazwa kwa mkono kama saa ya ukutani, wala hazikuhitaji umeme. Sindano yake ilikuwa ya chuma, na ilipaswa kubadilishwa mara kwa mara, la sivyo iliikwangua sahani hata ikaiharibu. Sahani yenyewe ilikuwa na upana wa inchi 10, ikazunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba muda wa dakika tatu hivi. Hapa ndipo penye jambo kubwa. Mpiga gitaa arusini au kilabuni hakuwa na mpaka. Wimbo mmoja aliweza kuupiga nusu saa, akiongeza jina la huyu na sifa ya yule kadiri vinywaji vilivyokuja. Mbele ya mashine ya kunasia ilimbidi achague: aanze na nini, mafumbo gani ayatie, gitaa aliache liseme peke yake kwa muda gani. Baadhi ya sahani bora za zama zile ni bora kwa sababu hiyo, kwamba hamna ndani yake kitu cha kupoteza wakati. Na baadhi ni mbovu kwa sababu hiyo hiyo, maana wimbo hukatwa kama uzi, neno likiwa bado mdomoni.

Katika Kongo ya Kusini gitaa lilikuta watu wenye historia ndefu ya kusafiri. Katikati ya karne ya kumi na tisa Msiri, Mnyamwezi wa ukoo wa wafanya biashara ya shaba na pembe, aliondoka Unyamwezi akaanzisha ufalme wa Garenganze, na makao yake makuu yakawa Bunkeya. Wafuasi wake ndio walioitwa Bayeke. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa Stairs uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold, msafara ambao wapagazi wake walitoka Unguja na pwani. Baada ya hapo ikaja kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, na reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910. Migodi ya shaba ilikusanya watu kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, na katika mchanganyiko huo Kiswahili kikawa lugha ya kazini, ya sokoni na ya kilabuni. Ni Kiswahili chenye sarufi yake na ladha yake. Msomaji wa Mombasa au wa Unguja atasita mara mbili tatu kabla ya kukielewa. Lakini ni katika Kiswahili hicho sahani maarufu kupita zote za gitaa kavu ziliimbwa.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa Bunkeya, na jina la Mwenda ni jina la ukoo wa Msiri mwenyewe. Mwaka 1952 alikuwa akikaa Jadotville, mji uitwao Likasi siku hizi, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Huko ndiko Hugh Tracey alikomkuta. Tracey alikuwa Mwingereza aliyefika Rhodesia ya Kusini mwaka 1921 kufanya kazi ya kilimo, akavutwa na nyimbo za watu wa huko mpaka akaifanya kazi ya kuzinasa kuwa kazi ya maisha yake. Kampuni ya Gallo ya Afrika ya Kusini ilimsaidia, nayo kwa upande wake ikapata nyimbo za kuuza chini ya alama yake ya Gallotone. Mwaka 1954 Tracey aliunda Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, ambayo tangu mwaka 1978 imekuwa katika mji wa Grahamstown, ambao sasa unaitwa Makhanda.

Namna Tracey alivyofanya kazi yastahili kuelezwa, kwa maana imo ndani ya sahani zake. Hakukiweka kipaza sauti juu ya kiguu na kukaa mbali. Alikishika mkononi, akasimama karibu na wapigaji, akakisogeza kwa huyu na kumwondolea yule, hivi kwamba mizani ya sauti ilitengenezwa na mkono wake wimbo ukiwa unaendelea. Kipaza sauti kilikuwa kimoja tu, na mnaso ukawa wa sauti ya upande mmoja. Leo jambo hilo lingeonekana kuwa ufukara. Kwa gitaa moja na mwimbaji mmoja ilikuwa neema kubwa: mkono wa mnasaji uliusogelea mwili wa gitaa vya kutosha kumfanya msikilizaji ausikie ukucha ukigusa chuma. Mtu asifikiri, kwa hiyo, kwamba anamsikia Mwenda tupu. Anamsikia Mwenda kwa umbali uliochaguliwa na Tracey.

Wimbo uliompa Mwenda jina unaitwa «Masanga». Ukisikilizwa kwa mara ya kwanza, na hasa na mtu asiyeambiwa chochote, utadhaniwa kuwa umepigwa na watu wawili. Nyuzi nene za juu zinatembea kwa hatua zao wenyewe, kama mtu aendaye kazini asiyekuwa na haraka; nyuzi nyembamba za chini zinajibu, zinadakia, zinatangulia na kurudi; na katikati yao, mara kwa mara, hutokea sauti ya tatu ambayo hakuna anayeipiga makusudi, bali huzaliwa pale mbili za kwanza zinapopishana. Juu ya yote hayo yaja sauti ya mwimbaji, taratibu, kana kwamba haina habari na harakati iliyo chini yake. Na hayo yote yalifanywa na vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na shahada.

Vidole viwili! Mwanafunzi wa gitaa la Kihispania hufundishwa kutumia vinne, na anapojaribu kuupiga «Masanga» kwa vinne huona kwamba wimbo unalainika na kupoteza mwendo wake. Sababu yake yaeleweka. Gumba na shahada hukutana kwa kupokezana, kama watu wawili watwangao katika kinu kimoja, na katika kupokezana huko ndimo mwendo ulimo. Kidole cha tatu kikiingia, kinu huwa na mchi mmoja zaidi ya haja. Wapigaji wa zeze, wa kalimba na wa vinanda vingine vya Afrika ya Kati walijua tangu zamani kuzifuma sauti chache mpaka zikasikika nyingi. Mwenda alilihamishia gitaa maarifa hayo, akayachanganya na aliyoyapata kwa Wakuba na katika sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani, ambazo zilipendwa sana katika miji ya migodi. Hakuona aibu kuchukua alikopenda, na hakuna mtu mwenye akili atakayemlaumu.

David Rycroft, aliyekuwa mwalimu wa lugha za Kiafrika katika Chuo Kikuu cha London, aliziandika sahani hizo nota kwa nota, na kazi yake ilichapwa katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Kwa wanaodhani kwamba gitaa kavu lilikuwa mchezo wa vijana wasio na kazi, makala yale ni jibu la kutosha. Yaonyesha kwamba Mwenda harudii jambo lile lile. Kila mzunguko una badiliko dogo, na mabadiliko hayo hayaji ovyo. Kasoro moja ya njia hii ni kwamba nota zaeleza sauti ipi ilitoka, wala hazielezi mkono ulikuwa wapi. Sauti moja ya gitaa yaweza kupatikana mahali patatu juu ya shingo lake, na mahali hapo hubadilisha rangi ya sauti na kuamua sauti ifuatayo itakuwa nyepesi au ngumu. Ilibidi mtu aende akatazame. John Low, mpiga gitaa wa Uingereza, alifanya hivyo mwaka 1979. Alisafiri mpaka Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, akakaa na Mwenda, na Losta Abelo, na Edouard Masengo, gitaa likiwa mikononi mwake kama mwanafunzi. Kitabu chake, «Shaba Diary», kilichotoka mwaka 1982, kina thamani kuliko vitabu vingi vya wataalamu, kwa kuwa mwandishi wake aliumia vidole.

Sasa kuhusu magitaa. Gallo, kampuni iliyouza sahani za Mwenda, iliuza magitaa pia. Yalitengenezwa Afrika ya Kusini, yakiwa na jina lile lile la Gallotone, na yalikuwa ya bei ambayo mfanyakazi mwenye kuweka akiba aliweza kuifikia. Yaliuzwa kotekote kiasi kwamba katika Tanzania jina la biashara likageuka kuwa jina la kitu: gitaa kavu la namna yoyote likaitwa galatoni. Hayakuwa magitaa mazuri kwa kipimo cha mafundi. Mbao zake zilikuwa za tabaka zilizogandishwa kwa gundi, si za kipande kizima. Nyuzi zilikaa juu sana ya shingo, na kidole laini kilitoka malengelenge kabla ya wimbo kwisha. Karatasi iliyobandikwa ndani ya tundu ilimdhaminia mnunuzi kwamba mbao hazitapasuka, ahadi iliyokuwa na maana zaidi katika nchi za jua kali kuliko sifa yoyote ya sauti.

Gitaa moja la namna hii lilifika Liverpool. Kijana aitwaye John Lennon aliliagiza kwa posta mwaka 1957, aina ya Gallotone Champion, na ndilo alilokuwa akilipiga katika sherehe ya kanisa la Woolton tarehe 6 Julai mwaka huo, siku alipokutana na Paul McCartney kwa mara ya kwanza. Mwaka 1999 gitaa hilo liliuzwa kwa mnada London kwa zaidi ya pauni 100,000. Hadithi hii husimuliwa sana Ulaya kama habari ya Beatles. Upande wake wa pili hausimuliwi: kwamba kampuni iliyompa Lennon mbao zake za kwanza ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa imeusambaza «Masanga» barani Afrika miaka mitano kabla yake.

Gitaa la mbao za tabaka lina tabia moja ambayo mafundi huihesabu kuwa ila, nayo ni kwamba sauti yake hufa upesi. Ukipiga uzi, hulia na kunyamaza. Kwa mtu anayetaka wimbo wa pole pole wenye sauti ndefu, hilo ni balaa. Kwa anayepiga kwa gumba na shahada, ni msaada, kwa sababu kila sauti huondoka mapema na kuiachia nafasi ile inayofuata. Gitaa la thamani kubwa, lenye mwangwi mrefu, hulifanya fumo hilo kuwa uji. Wapigaji wengi wa siku hizi wanaojaribu kuzifufua nyimbo za zamani kwa magitaa ya fedha nyingi wanashangaa kwa nini hawaipati sauti ile. Wangeazima galatoni.

Chombo cha pili kilikuwa kapo, kile kibano kinachozibana nyuzi zote karibu na kichwa cha gitaa ili sauti zipande zilingane na koo la mwimbaji. Dukani kilikuwa ghali au hakikuwako. Wapigaji walilaza penseli au kijiti juu ya nyuzi, wakaifunga kwa uzi au mpira nyuma ya shingo, na kazi ikaendelea. Penseli haibani sawasawa kila uzi, na huenda msikilizaji akausikia uzi mmoja ukikoroma kidogo. Katika sahani za zamani mkoromo huo haukumwudhi mtu. Vinanda vingi vya asili hutiwa makusudi kitu cha kukoromesha sauti, na sikio lililolelewa na vinanda hivyo hulipokea gitaa lenye kukoroma kama ndugu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikaa Nairobi kwa muda, akasikika mara kwa mara katika redio. Masengo, naye mtu wa Katanga, alifika pia na kukaa zaidi. Masengo alikuwa ametokea katika kikundi cha Elisabethville kilichoitwa JECOKE, ambamo herufi ya mwisho zilizomo ndani yake husimama kwa mtaa wa mji ule uitwao Kenya. Basi mtu wa Kenya ya Katanga akaja kuimba katika Kenya ya Waingereza. Walichokileta hakikuanguka penye utupu. Huko Kenya ya Magharibi vijana wa Kiluhya walikuwa na mapigo yao, na aliyekuwa hodari kati yao ni George Mukabi, aliyeimba kwa Kiswahili na kuuawa mwaka 1963 akiwa bado kijana. Mukabi aliyapanga mambo kinyume cha Mwenda. Mwenda huanza na gitaa kisha akaliwekea maneno. Kwa Mukabi neno ndilo linaloongoza, wimbo ni mawaidha au kisa, na gitaa hutoka mbele pale tu msemaji anapovuta pumzi. Kando yake mwenziwe aligonga chupa ya soda kwa kipande cha chuma, pigo moja lisilobadilika, kali kama mbisha hodi. Chupa ile si pambo. Ni saa ya wimbo, na mpiga gitaa akiwa na saa ya kutegemea huwa huru kuchelewa na kuwahi.

Fundi Konde asichanganywe na watu hawa, ijapokuwa mara nyingi huwekwa nao katika kapu moja. Yeye alikuwa mtu wa pwani, aliyetumika katika kikosi cha burudani cha King's African Rifles wakati wa vita na kufika Burma, na aliporudi alikuwa amejua mafungu ya sauti ya jazi ambayo wapigaji wa bara hawakuyatumia. Gitaa lake hukaa nyuma ya sauti, hutandika zulia na kuacha wengine wapite. Ni ustadi wa namna nyingine, wa bendi na wa studio; na kwa hakika yeye mwenyewe alifanya kazi studioni Nairobi kama mnasaji, akiwanasia wengine.

Mwaka 1953 Bill Alexandre, mpiga gitaa Mbelgiji, alifika Léopoldville kufanya kazi na kampuni ya sahani ya CEFA, akiwa na gitaa la umeme. Kuanzia hapo mambo yalikwenda mbio. OK Jazz iliundwa mwaka 1956, African Jazz ilikwisha kuwa na jina, na katika muda wa miaka kumi bendi za Kongo zikawa na magitaa matatu: moja la solo, moja la ridhim, moja la besi, na baadaye likaongezwa la kati ya solo na ridhim. Tanganyika na Kenya zikafuata. Morogoro Jazz, ambamo Mbaraka Mwinshehe alijitokeza katikati ya miaka ya 1960, ilitumia mpango huo, na aliyewahi kusikia solo ya Mbaraka ikipanda juu ya ridhim isiyochoka hatakana kwamba umeme ulileta uzuri wake.

Lakini mgawanyo huo ulitoka wapi? Besi itembeayo, ridhim idakiayo, solo ijibuyo mwimbaji: vyote vitatu vilikwishakuwa ndani ya mkono mmoja wa kulia. Kilichofanyika ni kama mtu mmoja aliyekuwa akilima, akipanda na kupalilia shamba lake, kisha shamba likakua, na kazi zake wakagawiwa watu watatu. Mazao yaliongezeka. Lakini maarifa ya kuyafanya yote kwa pamoja, kila tendo likijua la mwenzake, yalikosa warithi, kwa sababu kijana aliyejifunza solo hakuhitaji tena gumba lake, na aliyejifunza besi hakuhitaji shahada. Kwa hiyo gitaa kavu si hatua ya utotoni. Ni sanaa iliyokuwa imekwisha kukamilika, ikavunjwa vipande ili ijengewe nyumba kubwa zaidi. Anayetaka kuijua hana budi kuirudia katika sahani, maana wapigaji wenyewe wamekwisha kufa.

Na sahani zipo. Albamu ya kuanzia ni ile iliyotolewa Uholanzi na SWP Records kutoka katika minaso ya Tracey ya miaka ya 1950, 1951, 1952, 1957 na 1958, iitwayo «Origins of Guitar Music», ya Kongo ya Kusini na Zambia ya Kaskazini. Uzuri wake ni kwamba Mwenda hasikiki peke yake. Wamo majirani zake, wengine wakipiga kwa kukung'uta nyuzi zote kwa pamoja kama ilivyokuwa desturi ya kusini, na kwa kuwalinganisha mtu huona kwamba «Masanga» haukushuka kutoka mbinguni. Atakayempata George Sibanda wa Bulawayo katika sahani nyingine za Tracey afanye bidii, hata kama Kindebele hakielewi. Wimbo wake «Guabi Guabi» ulivuka bahari na kuimbwa na Ramblin' Jack Elliott huko Marekani, na sababu husikika katika nukta kumi za kwanza.

Kwa Mukabi iko «Furaha Wenye Gita», iliyotolewa na Olvido Records mwaka 2017, na yeyote ajuaye Kiswahili ana faida juu ya wasikilizaji wa Ulaya walionunua albamu hiyo kwa ajili ya nyuzi tu. Asikilize maneno kwanza, gitaa baadaye. Mwaka uliofuata ilitoka «Usiende Ukalale», yenye wapigaji walioishi baada yake katika vijiji vya Kenya ya Magharibi. Minaso ni ya karibuni, safi kupita kiasi kwa sikio lililozoea mchakacho, lakini chupa iko mahali pake. Za Fundi Konde za 1947 hadi 1956 zilikusanywa na RetroAfric, na ni vema zisikilizwe mara baada ya Mukabi, ili tofauti ya pwani na bara isihitaji kuelezwa na mtu. Kwa wanaotaka kuona umeme unavyoingia, «Ngoma Iko Huku» ya Salum Abdallah na Cuban Marimba, ya miaka 1955 hadi 1965, yatosha kuliko mihadhara mitatu. Humo magitaa tayari ni mengi, na Kuba inasikika waziwazi.

Iko sahani moja zaidi, ambayo wapenzi wengi huiacha kwa kuwa si ya zamani. Mwenda alipiga katika tamasha la Newport, Marekani, mwaka 1969, kisha kwa miaka mingi dunia ikamsahau. Jina la Jean Bosco aliliweka kando, akajiita Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1988 alikwenda Cape Town, akanaswa tena studioni, na nyimbo za ujanani zikiwamo. Sauti imeshuka na kukwaruza. Gitaa linasikika kwa mwangwi mrefu kuliko lilivyopaswa, na hakuna Tracey wa kusogeza kipaza sauti. Msikilizaji aweke mnaso huo na ule wa 1952 pamoja, aache kusikiliza sauti ya mwimbaji, asikilize nyuzi nene tu. Gumba halikuongeza mwendo wala halikupunguza. Miaka miwili baada ya hapo, mwezi wa Septemba 1990, Mwenda alikufa katika ajali ya gari nchini Zambia.